Dobi wa Sitaha ya Chini

Napoli naijua kwa nyanya.
Genova kwa majani mabichi yaliyopondwa na mafuta,
doa la kijani lisilosikia maji ya moto
mpaka ulisugue kwanza kwa limau.
Livorno ni supu, nyekundu kama ya Napoli
ila ina harufu ya kome.
Palermo ni aiskrimu, kwenye kola za watoto.

Miaka sita niliizunguka Mediterania
nikiwa chini ya mstari wa maji:
mashine kumi na moja, shuka elfu nne kwa siku,
kidirisha hakuna.
Meli ikifunga gati nilijua kwa nyayo,
sakafu ilinyamaza.
Juu wakashuka na kofia zao za ukindu,
polepole, hawana wanachokiwahi,
na jioni vitambaa vya meza
vikanishukia kwenye bomba.
Wao walikula miji, mimi nikafua makombo.

Nilitoka mara moja tu. Messina, dakika arobaini,
nikatafute kadi ya simu.
Mvua. Ukuta. Mbwa aliyelowa.
Mzee anauza machungwa, nikanunua moja,
nikalila nimesimama.
Halikufikia la Muheza.

Sasa nina banda Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
pasi ya umeme, na ya mkaa kwa siku za mgao.
Wananiita Mtaliano.
Jina lilinibana kama shati la kuazima,
nikalivaa hivyo hivyo.

Ndipo akaja Mwalimu Mwantumu,
mstaafu, magauni matatu mkononi.
Mwanawe aliyeko Torino kamlipia safari:
siku nane, meli ya kustarehe, bandari kwa bandari.
"Haya Mtaliano, niambie. Kukoje?"

Pasi ilikuwa inachemka.
Nikasema, "Napoli, Mwalimu, uamke alfajiri.
Pana mlima. Uutazame."
"Unafananaje?"
"Utakuja kuniambia wewe."

Akanitazama kwa jicho lile lile
la darasa la tano, siku niliponakili hesabu za Shekue.
Hakusema neno. Akalipa, akaondoka.

Mwezi ukapita. Nilikuwa nahesabu:
leo Genova, leo wamelala Livorno.
Mke wangu akaniuliza nawaza deni gani.

Alirudi kwa bajaji, gauni la bluu ndani ya mfuko,
doa kifuani, kubwa kama yai.
Nikalisogeza puani, nikafumba macho.
"Livorno," nikasema. "Siku ya tatu. Kome."

Alicheka mpaka akakalia ndoo.
"Huo urojo, Mhina! Nimeula jana, Makorora.
Kule sikudondosha hata tone,
nilifunga kitambaa shingoni kama mtoto mchanga."

Nikacheka naye, kidogo.
Halafu nikauliza. "Na mlima?"

Akanyamaza. Akanyoosha upindo wa baibui
ambao haukuwa na kikunjo.
"Nilipitiwa na usingizi," akasema.
"Napoli yote. Wenzangu walishuka, wakapanda.
Ni zile shuka, Mhina. Miaka sabini
sijalalia kitu kilichonyooka namna ile.
Nilisema nijilaze kidogo tu.
Nikamwachia aliyezipiga pasi noti chini ya mto.
Sijui kama ilimfika."

Haimfiki. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni,
nikalimeza.

"Kona," nikamuuliza, "zilikunjwaje?"

Akavua mtandio, akautandaza juu ya meza yangu,
vidole vyake vya chaki vikitafuta njia:
mara moja, mara ya pili,
halafu ncha ikaingizwa ndani, isionekane.

"Ndivyo," nikasema.

Akauvaa tena mtandio wake.
Nami nikakata limau, nikaanza na doa.